Sarafu za zamani, halisi na feki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu aliyeshika rupia ya Mjerumani, reale au sarafu nyingine ya zamani ya Afrika Mashariki, akitaka kujua kama ni ya kweli na kama kuna atakayeilipia. Wauzaji wametangulia kwa sababu kwetu huku ndio wanaolizwa zaidi. Wanunuzi watakuta yao chini.

Nimekuta rupia kwenye sanduku la marehemu bibi. Mjini wananiambia inafika milioni mia. Kweli?

Si kweli. Rupia moja ya fedha iliyochakaa kwa matumizi, ile yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm II na kofia yenye tai juu, huuzwa kwa makumi ya dola. Ikiwa imebaki kama ilivyotoka kiwandani, au ni ya mwaka adimu, bei inapanda. Sarafu ya rupia mbili, iliyopigwa 1893 na 1894 tu, ni ya daraja jingine na hufika mamia ya dola, nzuri sana hupita hapo. Heller za shaba, yaani chenji ndogo za rupia hiyo, nyingi hazizidi dola chache, kwa kuwa zilipigwa kwa mamilioni na bado watu wanazifukua mashambani.

Hiyo milioni mia ina kazi yake. Bei inatajwa kubwa ili ada utakayoombwa baadaye ionekane ndogo. Mtu aliyeahidiwa laki moja hatatoa laki tatu za "kipimo", lakini aliyeahidiwa milioni mia atakopa azitoe.

Mnunuzi amekubali, ila anataka kwanza nitume hela ya kipimo. Nitume?

Usitume hata mia. Mnunuzi wa kweli wa sarafu hujilipia mwenyewe gharama ya kuhakiki, au huikata kwenye bei baada ya kuiona. Ada ya kipimo, ada ya forodha, ada ya kibali, nauli ya mtaalamu anayetoka Afrika Kusini, chumba cha hoteli cha Mwarabu aliyetua usiku: yote hayo ni mlango mmoja wenye rangi tofauti.

Kuna sura ya pili, na hii huwanasa hata wasio na sarafu. Mtu wa kwanza anakupigia, anasema anatafuta rupia ya aina fulani na atailipia milioni themanini. Siku mbili tatu zinapita, wa pili anajitokeza, mara nyingi amevaa kimaskini, anayo rupia hiyo hiyo na shida imembana, ataiachia kwa milioni tano. Unajiona mjanja wa mjini. Ukishamlipa wa pili, simu ya wa kwanza haipatikani tena. Wale wawili wanajuana tangu mwanzo, na wewe umebaki na sarafu ambayo hata kama ni halisi, haifiki elfu mia mbili.

Na ile inayovuta mchele, au yenye zebaki ndani?

Hakuna sarafu inayovuta mchele. Utapeli wa sarafu na vyombo "vinavyovuta mchele" umewaliza watu India kwa miaka mingi: punje zinapakwa au kuchanganywa na unga wa chuma, sumaku inafichwa, mteja anatoa macho. Zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa mno, nayo ni ya ukoo huo. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba imo ndani ya vyerehani vya zamani vya Singer, na vyerehani chakavu vikauzwa kwa maelfu ya riali hadi serikali ikaingilia. Ndani yake hapakuwa na kitu zaidi ya chuma na mafuta ya mashine.

Rupia ya fedha ina fedha na shaba kidogo, basi. Anayeleta tochi inayozimika au simu inayokata mtandao karibu na sarafu, mshukuru kwa maonyesho na umwoneshe njia.

Nitaitambuaje rupia ya Mjerumani?

Kuna vizazi viwili. Cha kwanza, cha 1890 hadi 1902, kilitolewa na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Upande wa kichwa una maneno GUILELMUS II IMPERATOR, upande wa pili una simba mbele ya mti wa jamii ya mnazi pamoja na jina la kampuni. Cha pili, kuanzia 1904, ni cha serikali ya koloni: DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani ikiwa ndani ya shada la majani, na herufi ndogo A ikiwa imepigwa Berlin au J ikiwa ni Hamburg. Kabla ya 1904 rupia moja ilikuwa na pesa 64, na pesa hizo za shaba zina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria upande mmoja. Baada ya hapo rupia ikagawanywa kwa heller 100.

Mjerumani aliifanya rupia yake ilingane na ya India kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizunguka pwani yote kabla yake. Hiyo inatusaidia leo, maana viwango vyake vinajulikana: rupia mbili gramu 23.32, rupia moja gramu 11.66, nusu gramu 5.83, robo gramu 2.91, zote zikiwa na fedha asilimia 91.7. Feki nyingi zinaangukia hapa hapa kabla hujatoa hata lenzi.

Nipime vipi nyumbani?

Tafuta mzani mdogo wa kielektroniki unaosoma hadi gramu 0.01, kama wanaotumia masonara. Rupia iliyochakaa inaweza kusoma 11.4 au 11.5 na isiwe na tatizo, kwa sababu fedha hulika mikononi. Ikisoma 10.5, ina maswali ya kujibu. Ikizidi 11.8 ina maswali makubwa zaidi, kwani kuchakaa hakuongezi uzito.

Halafu sumaku. Fedha, dhahabu na shaba hazishiki. Ikishika kwa nguvu, umemaliza kazi. Isiposhika hujathibitisha lolote bado, kwa sababu shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na nikeli) na risasi hazishiki pia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, na usome namba. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo, utapata densiti. Rupia moja halisi itasoma karibu 1.13 ndani ya maji, yaani densiti ya 10.3 hivi. Ya shaba nyeupe yenye uzito uleule itasoma karibu 1.31. Tofauti hiyo mzani wa sonara unaiona bila shida. Angalia mapovu yaliyonata kwenye sarafu, yanadanganya. Itikise kidogo kabla ya kusoma. Kwa robo rupia kipimo hiki kinayumba, kwa sababu namba ni ndogo mno.

Mwisho macho. Chukua lenzi ya sonara ya mara kumi na utazame ukingo kwanza, watu wengi huusahau. Sarafu iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu ikiwa imeyeyuka, mara nyingi huacha mstari mwembamba kuzunguka ukingo, au alama ya tupa pale mstari ulipoondolewa. Uso wake huwa na vishimo vidogo kama vya uji uliochemka, na herufi zake ni za mviringo, kama sabuni iliyotumika. Sarafu iliyopigwa kwa muhuri ina herufi zenye kingo kali hata kama juu zimelika.

Sonara amesema ni fedha halisi. Si imetosha?

Haijatosha. Sonara anajua madini, na sarafu ni zaidi ya madini. Gramu kumi na moja za fedha si gharama kubwa kwa mtu anayetengeneza feki ya sarafu ya mamia ya dola, na feki nzuri hutengenezwa kwa fedha ya kweli. Nyingine ni sarafu halisi kabisa iliyochokonolewa: tarakimu ya mwaka wa kawaida inakwanguliwa iwe ya mwaka adimu, au herufi ya kiwanda inabandikwa. Hapo mzani, sumaku na maji vyote vitasema "halisi", na vitakuwa vimesema kweli. Ni lenzi tu itakayoonesha kwamba chuma kinachozunguka tarakimu ile hakifanani na sehemu nyingine za uso.

Na usimruhusu apake tindikali au kuisugua kwenye jiwe la kupimia. Kwa pete ni sawa. Kwa sarafu ya wakusanyaji ameshakata bei.

Tembo wa Tabora ni nini, na mbona watu wanaihangaikia hivyo?

Ni rupia 15 za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916. Vita vilikuwa vimefunga bahari, koloni limeishiwa sarafu, na askari na wapagazi wanadai mishahara. Dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke, na karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kupigia sarafu. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora, na mambo yakaishia hapo.

Viwango vyake: gramu 7.168, dhahabu asilimia 75, kipenyo kati ya milimita 22 na 23. Ndani ya maji itasoma karibu 0.46, yaani densiti ya kati ya 15 na 16. Ziko za aina mbili, kutegemea pambo la upande wa kulia linaishia wapi chini ya neno OSTAFRIKA: chini ya T, au chini ya A ya kwanza. Muuzaji anayesema anaijua sarafu yake na hajui ni ya aina ipi, mimi humsikiliza kwa sikio moja.

Bei yake ni maelfu ya dola, kwa hiyo hapa ndipo mafundi wa feki wanapoweka akili. Kuna nakala za kuchovya dhahabu juu zinazouzwa waziwazi kama ukumbusho, kisha mtu wa tatu anaziuza kama za kweli. Hizo uzito unaziumbua. Zinazotisha ni zilizopigwa kwa dhahabu sahihi. Dawa yake ni kulinganisha picha: feki za namna hii hutoka kwenye muhuri ulionakiliwa kutoka sarafu moja halisi, hivyo mkwaruzo uliokuwa kwenye sarafu ile unajirudia kwenye watoto wake wote. Ukikuta Tembo wawili wa wauzaji tofauti wana mkwaruzo uleule mahali palepale, wote wawili ni wa kuachwa.

Tazama pia juu ya tembo na ukingoni. Nyingi zilifanywa vidani na pete, na alama ya lehemu iliyosuguliwa hubaki. Hiyo haiifanyi kuwa feki, lakini bei inashuka sana, na muuzaji alipaswa kusema.

Heller 20 za Tabora za mwaka huohuo ni habari nyingine kabisa. Zilipigwa zaidi ya milioni moja, kwa shaba ya njano na kwa shaba nyekundu ya kuokoteza, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Unene wake unapishana kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo usiikatae kwa ajili ya uzito peke yake. Hazina bei ya kumfanya mtu ahangaike kuzighushi.

Nina reale ya fedha yenye mwanamke na mwaka 1780. Ina miaka zaidi ya mia mbili?

Pengine haina hata mia. Ni taleri ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki 1780, na tangu hapo imepigwa tena na tena bila kubadilisha mwaka, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Oman na pwani yetu hawakutaka nyingine. Katika miaka ya 1930 ilipigwa hata Rome, London na Paris, na kiwanda cha Vienna kinaiuza mpaka leo. Zote ni halisi kwa maana ya fedha: gramu 28.07, asilimia 83.3, na ukingoni herufi zilizoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Zilizopigwa zama za Maria Theresa mwenyewe au karibu na hapo hutofautishwa kwa vijambo vidogo vya mapambo, kazi ya mtu aliyeisomea. Nyingi sana bei yake ni fedha iliyomo ndani na kidogo juu yake. Anayekuuzia kwa kuandika "ya karne ya 18" anasoma mwaka tu.

Kuna jamaa anauza sarafu za Kilwa. Ninunue?

Usinunue, na sababu haihusu feki. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zile zenye jina la sultani upande mmoja na sifa ya Mungu yenye vina na jina hilo upande wa pili, ni malikale. Sheria ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunataka kibali. Kenya inayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Sarafu iliyofukuliwa Songo Mnara, kisiwa cha karibu na Kilwa, ikauzwa kituo cha basi imepoteza pia kile kilichokuwa cha thamani zaidi, yaani habari ya ilipolala. Sarafu chache za Kilwa ziliokotwa na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na wanahistoria wanazijadili hadi leo kwa sababu moja tu: mahali zilipookotwa panajulikana.

Sarafu yenye tundu ya 1936 haina kichwa cha mfalme. Ni kosa la kiwanda?

Sarafu za senti zenye tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na kichwa cha mfalme, jina tu. Za 1936 zenye EDWARDVS VIII zinasisimua watu kwa sababu mfalme huyo alijiuzulu kabla ya kuvikwa taji na hakuna sarafu za Uingereza zilizotumika zenye sura yake. Lakini senti 5 na 10 za jina lake kwetu zilipigwa nyingi. Ni nzuri ya kuanzia ukusanyaji, bei yake ni ya soda chache.

Niisafishe kabla ya kuuza?

Hapana. Si dawa ya meno, si ndimu, si majivu, si Brasso. Weusi ule uliotulia juu ya fedha ni sehemu ya ushahidi wa umri wake, na mkusanyaji huulipia. Ikiwa ina udongo, loweka kwenye maji safi, iache ikauke yenyewe.

Lakini weusi nao hughushiwa. Carl Wilhelm Becker, mghushi wa Kijerumani aliyefariki 1830, alikuwa akitia sarafu zake mpya ndani ya kisanduku cha chenga za chuma na mafuta, anakifunga kwenye gari lake la farasi na kwenda matembezi hadi zizeeke. Siku hizi wanatumia kemikali, na rangi yake hukaa sawasawa kila mahali, hata juu ya pua na masikio ya mfalme, sehemu ambazo vidole vingeshaifuta.

Ipo kwenye kiboksi cha plastiki chenye cheti. Basi ni salama?

Ni salama zaidi, mradi ukague. Kampuni mbili zinazoaminiwa zaidi duniani, PCGS ya 1986 na NGC ya 1987, ziko Marekani. Huhakiki sarafu, huipa alama kati ya 1 na 70, na kuifungia ndani ya plastiki yenye namba. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji. Namba kuwepo hakutoshi, kwa sababu viboksi feki hubeba namba za kweli zilizonakiliwa. Fungua picha iliyohifadhiwa, kama ipo, na ulinganishe mikwaruzo moja moja na sarafu iliyo mbele yako.

Cheti cha karatasi chenye muhuri mwekundu na sahihi ya "profesa", bila kampuni unayoweza kuikagua mwenyewe, ni karatasi. Kwa rupia ya dola arobaini usihangaike na kampuni hizi, gharama ya kutuma itaimeza sarafu. Kwa Tembo wa Tabora, nisingenunua bila hiyo.

Nanunua kupitia mtandao. Niombe nini?

Picha za pande zote mbili na za ukingo, kwenye mwanga wa dirisha. Picha ya sarafu ikiwa juu ya mzani namba ikisomeka. Na picha moja ya ziada unayoichagua wewe wakati huohuo, kwa mfano sarafu karibu na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo; anayetumia picha alizoiba hukwama hapo, huanza kusema kamera imeharibika. Tafuta picha hizo kwenye intaneti uone kama zimewahi kutumika kwenye mnada wa nchi nyingine.

Muulize pia ilitoka wapi. "Ya babu" ni jibu la kila mtu. Risiti ya mnada, bahasha ya mkusanyaji wa zamani, au orodha iliyochapishwa yenye picha ya sarafu hiyohiyo ndilo jibu. Kisha kutaneni mahali penye watu, ukiwa na mzani wako na si wake, na ulipe baada ya kupima. Akikuzuia kuipima, ameshajibu.

Nimeshatapeliwa. Nifanyeje?

Piga simu kwa kampuni ya mtandao uliotumia kutuma hela mara moja, kabla ya kulia, uombe muamala uzuiwe. Ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Usifute meseji hata moja. Nenda polisi na namba za simu, namba za miamala na picha: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ile ya 2018, na zote zinagusa udanganyifu wa namna hii. Usione aibu kutaja kwamba uliahidiwa mamilioni, polisi wamelisikia sana. Na namba yako ikishaandikwa kwenye daftari la matapeli hubaki humo, kwa hiyo mtarajie mtu mwingine baada ya siku kadhaa, safari hii akijiita wakili au askari wa kufuatilia, anayeweza kukurudishia hela zote kwa ada ya elfu hamsini.